Mahali pa kuchajia betri za drili ndani ya karakana ya mbao

Karakana nyingi za useremala ninazozijua hapa Tanga zina kijana anayelala ndani kulinda mali. Godoro liko nyuma kwenye mbao, kufuli limefungwa kwa nje, na ufunguo ameondoka nao tajiri. Soketi iko pembeni ya mlango, basi chaja za drili na grenda zimepangwa hapo hapo juu ya meza ya mbao, maranda yamezizunguka, zinachaji usiku kucha ili asubuhi kazi ianze mapema. Moto ukianzia hapo, yule kijana hana pa kutokea. Ndiyo sababu naandika. Nililala karakana miaka yote ya kujifunza kazi, na leo kuna vijana wawili wanaolala kwangu, Ngamiani.

Kwa hiyo nilipotenga sehemu ya kuchajia niliangalia mlango kwanza, soketi baadaye. Chaja ziko ukuta wa mwisho. Anayelala yuko karibu na mlango, na hapiti mbele ya chaja ili atoke. Kufuli linafungwa kwa ndani, ufunguo unaning'inia kwenye msumari anaoweza kuupapasa gizani. Wezi wananitia hofu kama wanavyomtia mwenye karakana yeyote, lakini kumfungia mtoto wa mwenzangu kwa nje siwezi.

Rafu yenyewe si ya mbao. Ningeweza kutengeneza kabati zuri la mninga lenye milango, na wateja wangelisifu, lakini kazi ya rafu hii ni kukaa chini ya kitu kinachopata joto bila yenyewe kushika moto. Nilimwaga kibamba cha zege juu ya matofali, kimo cha kifua, nikabandika marumaru nyeupe juu yake. Nyeupe ina faida: vumbi likitua unaliona. Ukuta wa nyuma ni tofali lililopigwa plasta, na juu hakuna kitu, wala shelfu ya pili wala mbao zilizoegeshwa. Tina, vanishi na gundi ya kopo vimehamia upande wa pili kabisa. Kati ya chaja na chaja naacha upana wa kiganja hewa ipite.

Umeme wa pale una laini yake peke yake kutoka kwenye main swichi: waya wa milimita 2.5, breka yake, ethi iliyofika ardhini kweli, na soketi pacha zilizofungwa ukutani. Nilimwita fundi umeme mwenye leseni, nikamlipa. Chaja hazili umeme mwingi. Hata ile ya haraka haifiki wati 300. Tatizo huwa ni adapta ya njia tatu iliyolegea, ikabeba adapta nyingine, kisha ekstensheni ileile inalisha na mashine ya randa. Plagi iliyolegea hupata joto kidogo kidogo mpaka plastiki inabadilika rangi. Ukiona soketi ina doa la kahawia, au plagi ukiishika ina moto, hiyo ni ya kubadilishwa leo hii.

Halafu kuna umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Nimefunga kile kifaa cha kulinda friji, chenye taa zake, kinachosubiri dakika chache umeme utulie ndipo kiruhusu. Chaja ni kitu chenye vidude vya elektroniki kama ilivyo runinga, na hakuna anayeacha runinga yake ipigwe na umeme wa kurudi.

Joto ndilo adui mkubwa hapa kwetu. Betri za lithiamu hupendelea kuchajiwa zikiwa kati ya nyuzi 10 na 40 hivi za Selsiasi. Tanga mwezi wa pili, chini ya bati saa nane mchana, hewa yenyewe imekaribia ukomo huo, na betri iliyotoka kupasua mbao ngumu imeshauvuka. Chaja nzuri hupima joto la betri na kusubiri ipoe kabla ya kuanza. Za bei rahisi nyingi hazipimi chochote. Basi sheria yangu ni moja kwa zote: betri ikitoka kazini inapumzika kwenye marumaru mpaka ukiishika haina joto tena, ndipo iingie kwenye chaja. Na chaja yenye feni huvuta vumbi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ndani yake, kwa hiyo kila Jumamosi tunachomoa zote na kuzisafisha kwa brashi kavu. Chumvi ya baharini nayo hula vyuma vya kugusana. Vikianza ukijani navifuta kwa kitambaa kikavu.

Kuchaji usiku hakuna. Hili lilileta maneno. Mmoja wa vijana aliniuliza, "Fundi, sasa umeme ukikatika asubuhi si tutakaa?" Nikamwambia, "Mwanangu, tutakata kwa msumeno wa mkono." Lakini swali lake lilikuwa la haki, nikalitafutia jibu. Tunachaji wakati wa chai na wakati wa chakula, watu wakiwepo. Betri ya 5Ah (ampia-saa 5, yaani kiasi cha umeme inachobeba) kwa chaja ya haraka kama Makita DC18RC hujaa kwa dakika 45 hivi. Kwa chaja ndogo ya ampia 2 ni zaidi ya saa mbili na nusu. Niliongeza betri badala ya kuongeza usiku. Ni gharama, sikatai, ila mtu akipanga anaweza kununua moja moja kila kazi kubwa inapolipwa. Jioni anayefunga anazima breka ile, na chaja zote zinalala.

Sasa betri zenyewe. Madukani utakuta drili zimeandikwa 48V, 88V, hata 128V kwa bei ya kukushangaza. Nyingi, ukizifungua, zina seli tano, yaani vibetri vidogo vya ndani, zilizoungwa kwenye mfuatano, kila moja volti 3.6 kwa wastani na 4.2 ikijaa. Piga hesabu: 18 kwa wastani, 21 zikijaa. Ndiyo maana 18V ya kampuni moja na 20V ya kampuni nyingine ni kitu kilekile. Namba kubwa za kwenye boksi zisikufanye utafute chaja "yenye nguvu zaidi". Chaja za kichwa cha duara zinafanana kwa macho huku volti zake zikitofautiana, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu ya volti 25 itaingia vizuri tu kwenye betri ya 21. Mimi nimeandika kwa rangi: chaja namba 1 na betri namba 1, na kuendelea. Betri iliyofufuliwa kwa seli za kompyuta mpakato siipokei hata kwa zawadi. Seli zile hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa ambao grenda inaudai.

Betri iliyoanguka kutoka kwenye ngazi, iliyovimba, au inayotoa harufu tamu ya dawa hairudi kwenye rafu. Inakwenda nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu, vyuma vyake vimezibwa kwa utepe wa umeme. Kwenye mkoba pia, betri haikai pamoja na skrubu. Skrubu moja ikilalia vyuma vyote viwili inatosha kuleta shoti.

Na ikiwaka? Nimewaambia vijana: moshi wa betri ni sumu, tokeni kwanza, mwite Zimamoto 114. Kama moto ni mdogo na njia iko wazi, zima main swichi, kisha maji mengi. Mtungi wa unga huua mwali, lakini seli hubaki na moto ndani na huweza kuwaka tena. Maji ndiyo yanayozipoza. Tuna mapipa mawili nje, karibu na mlango.

Bado nataka kuongeza kengele ya moto. Ile ya moshi itapiga kelele kila tukipiga msasa, kwa sababu vumbi huidanganya, na kengele inayolia ovyo watu huichomoa. Kwa hiyo natafuta ile inayohisi joto, niifunge juu ya rafu. Aliyeiona dukani hapa Tanga au Dar anielekeze, na bei yake tafadhali.