Mwenye nguvu na mwaminifu

Assalaam alaykum warahmatullah ndugu zangu. Ijumaa hii nawasemesha zaidi wale tunaokaa nyuma ya dirisha, mabenki, saccos na hizi ofisi za mikopo hapa Tanga.

Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an ni Baqara 282 na inahusu kuandika deni. Karani katajwa humo, aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika kama alivyofundishwa na Mola wake, halafu tukaambiwa tusichoke kuliandika deni, dogo au kubwa, mpaka muda wake. Hilo "msichoke" ndo limenishika mimi.

Mana mwaka juzi mama mmoja wa machungwa pale Mgandini, mzigo anautoa Muheza, alikuja Alhamisi mchana kuleta rejesho lake la shilingi 25,000. Mie nilichelewa kurudi. Tulitoka kuswali Adhuhuri, swala yenyewe haikufika dakika 20, lakini tukakaa barazani na kahawa mpaka saa nane na nusu, narudi foleni imejaa, nikapokea hela nikatia kwenye droo nikamwambia nenda tu mama ntaingiza kwenye sistimu baadae, nikasahau. Wiki ilofuata kwenye kikao cha kikundi jina lake likasomwa kati ya wasiorejesha, mbele ya wenzake waliomdhamini. Hakujibu kitu, alivuta kanga akajifuta uso.

Nilipoulizwa nikasema jamani mie sijala hata senti. Na kweli sikula, hela ilikutwa imezidi kwenye hesabu. Lakini someni Qasas aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anavyomuombea Nabii Musa kazi: baba muajiri huyu, mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu. Nguvu imetangulia! Na nguvu ya karani sio kubeba magunia, ni kuijua kazi yako, kuwahi, kuhesabu mara mbili, kuandika saa ileile mtu yuko mbele yako. Mie nilijiona mwaminifu nikaridhika na nusu.

Halafu Mutaffifin, sura ya 83, wakipokea wanataka kipimo kitimie na wakiwapimia watu wanapunguza, tunaisoma tukiwawaza wenye mizani sokoni. Mshahara ukipungua elfu tano tunapiga simu mpaka makao makuu, ile saa nzima ya kahawa nani anaihesabu? Benki ya kwanza ya Kiislamu hapa nchini ilipofunguliwa 2011 ikaitwa Amana, na sie ambao jina hilo haliko ukutani kwetu tunachoshika ni amana hiyohiyo, hela ya mtu na muda wa mtu.

Nilienda kwenye kikao nikamuomba radhi mbele ya wote, mana alifedheheka mbele ya wote. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Bado anakuja kila Alhamisi, na risiti anaisoma kwanza herufi kwa herufi, ndo anaifunga kwenye pindo la kanga, mie nasubiri amalize ndo naita mwingine.