Chungu kimoja, presha mbili

Leo asubuhi nimepima tena, 148 kwa 92. Kaka yangu kachukua mashine hiyo hiyo, kajifunga mkononi huku anachekacheka, 116 kwa 74. Na huyu ndo mtu anayemwagia chumvi chakula kabla hata hajaonja! Mi ninayeikwepa kama mtu anavyomkwepa anayemdai ndo presha inanipanda, yaani nilinuna mpaka akaondoka.

Ila hasira zikanifanya nikae nisome. Kumbe jambo lenyewe walishaliona zamani kwa panya. Mwaka 1962 Lewis Dahl na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba ukiwapa panya chumvi nyingi, wengine presha inapaa na wengine wala haiwasumbui, wakawazalisha wale wa presha wao kwa wao na wale wagumu wao kwa wao, na baada ya vizazi vichache tu wakawa na koo mbili tofauti kabisa. Halafu kilichoniacha mdomo wazi, miaka ya 1970 wakabadilishana figo. Panya mgumu akipewa figo ya panya wa presha, presha inapanda, na ukigeuza inashuka. Yaani presha ilikuwa inahama na figo!

Nilivyoelewa mimi ni hivi, chumvi ikizidi mwilini maji yanaifuata, damu inajaa kwenye mishipa, presha inapanda, na figo ikisukumwa na hiyo presha ndo inatoa chumvi kwa mkojo. Figo ya kaka inaonekana inaitoa mapema bila kelele. Yangu ina mlango mzito, mpaka isukumwe kwa nguvu ndo ifunguke, na hiyo nguvu ndo presha yenyewe.

Nikajiuliza sasa hii jeni yangu mbovu ni ipi. Hapo nikakwama, maana inaelekea siyo moja. Kuna ugonjwa adimu unaitwa Liddle ambapo hitilafu ya jeni moja inaacha milango ya kwenye figo inayorudisha sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, imebaki wazi, chumvi inarudi tu kwenye damu, mtu anapata presha akiwa bado mdogo. Wengi wetu hatuko hivyo, tuna vitofauti vidogo vidogo vingi kwenye jeni kama AGT na ADD1, kila kimoja kinasukuma kidogo sana, vikikutana na umri na unene na hali ya figo ndo unaona matokeo. Na ndugu wa baba mmoja mama mmoja kwa wastani tunafanana nusu tu ya hizo tofauti, kwa hiyo tunaweza kula chungu kimoja miaka yote na tukaachana kabisa hapo.

Kule China kuna utafiti wa GenSalt, familia nzima zikala gramu 3 za chumvi kwa siku kwa siku 7, halafu gramu 18 kwa siku 7 zingine, na presha za watu hazikusogea sawa hata kidogo. Gramu 18! WHO wanasema mtu mzima asifike hata 5, kama kijiko kimoja cha chai.

Na mi nikajaribu kwangu, dawa naendelea nazo kama kawaida, wiki nzima bila kuongeza chumvi mezani. Ile namba ya juu ilishuka mpaka 134 hivi. Siyo utafiti huo, siku zingine nilipima nimetoka kupanda ngazi, lakini nilifurahi.

Nilipomsimulia kaka akasema basi yeye aendelee. Nikamwambia umri ukienda hata figo iliyokuwa haijali inaanza kujali. Hakujibu kitu. Jioni nimemwona kashika kichupa cha chumvi, kaniangalia, katikisa mara moja badala ya tatu, akakiweka upande wake wa meza.