Nne za Jumapili

Kwenye mlango wa jokofu letu la chanjo kuna karatasi imebandikwa. Asubuhi nasoma kipimajoto, naandika. Jioni tena. Kila siku ya mwezi, Krismasi na Idi zikiwemo. Joto linatakiwa liwe kati ya digrii 2 na 8.

Miaka yangu ya mwanzo zahanati niliiona kazi hii ni adha. Nilisomea uuguzi niguse watu: nizalishe, nifunge vidonda, nikae na mgonjwa. Basi Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ya Makete inakata masikio, sikwenda. Jumatatu asubuhi nikajaza nafasi za Jumapili: nne, nne. Nikataka na ya Jumatatu niandike nne, nikainua macho kwanza. Kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri.

Jokofu lile lilikuwa la gesi, moto wake ndio unaolipoza. Moto ukiwa mkubwa na usiku ukiwa kama wa kwetu, linagandisha. Wengi wanajua chanjo huharibiwa na joto, lakini baridi nayo huua. Matone ya polio yanavumilia kuganda, penta, sindano ya kukinga magonjwa matano, haivumilii, na ikishayeyuka huwezi kuitambua kwa kuitazama tu.

Nikafanya jaribio la kutikisa. Kichupa kimoja cha penta nilikigandisha makusudi usiku kucha, nikakiyeyusha, nikakitikisa pamoja na kile nilichokitilia shaka, nikaviweka mezani penye mwanga. Penta nzima hubaki na weupe wake kwa muda mrefu, kama maji ya mchele. Hivi viwili, machicha yalishuka kwa mwendo mmoja, juu yakabaki maji maangavu. Boksi zima likawa la kutupa.

Jumatano ikawa kliniki. Mama mmoja alikuwa ametoka ng'ambo ya bonde, mtoto mgongoni, wiki 14, penta ya tatu. Nikamwambia chanjo imeharibika, arudi wiki ijayo. Hakugomba. Alikuwa anaifunga kadi ya mtoto kwenye pindo la kanga, akasita.

"Nesi, na ile ya pili aliyochomwa hapa, ilikuwa nzima?"

Nikaenda kutazama karatasi ya mwezi wa sita. Nne zilikuwa zimejipanga vizuri. Zipi nilizisoma kwa macho yangu na zipi niliziandika kwa mazoea, sikuweza kuzitofautisha. Dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo: kinga ya yote hayo imo ndani ya sindano ile moja, na mimi nilikuwa nimeiandikia namba za kupika. Siku hiyohiyo nilimpigia mratibu wa chanjo wa wilaya nikamweleza yote, pamoja na Jumapili yangu.

Nilidhani kugusa watu kunaanza mama akishaketi mbele yangu. Mtoto yule nilikuwa namgusa tangu Jumapili, mlango wa zahanati ukiwa umefungwa.

Wiki iliyofuata alirudi. Kabla sijavuta dawa nilimwita chumba cha ndani, nikafungua jokofu, nikamwonyesha kipimajoto na ile karatasi.

Akainama, akasoma mwenyewe: "Tano."

Kisha akafungua kanga, akanipa mtoto.