Inuka, Ule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 1 Wafalme 19, na ningeomba tulisome taratibu, maana wengi tukilifungua tunakimbilia pangoni kwenye mlima Horebu kusikia ile sauti ndogo ya utulivu. Kabla ya pango kuna mti wa mretemu, na chini ya mretemu kuna mtu amelala fofofo: nabii Eliya.

Tukumbuke ametoka wapi. Mlimani Karmeli moto wa Mungu umeshuka, mvua imerudi baada ya ukame wa miaka, naye ametimua mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi mji wa Yezreeli, zaidi ya kilomita 20. Ndipo Yezebeli, mke wa Ahabu, akampelekea ujumbe. Angalieni vizuri: hakutuma askari, alituma maneno tu, kwamba kesho wakati kama huu utakuwa marehemu. Na mtu aliyesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali akakimbia hadi Beer-sheba, karibu kilomita 150 kuelekea kusini, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku nzima, akaketi, akaomba afe.

Nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe wa namna hiyo? Simu inaita saa tano usiku: ni mkopo, ni majibu ya vipimo, ni ndugu anatishia kwenda mahakamani kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba. Hakuna aliyekugusa, lakini moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, tumbo linasokota, usingizi unakuruka. Tusiharakishe kusema huo ni upungufu wa imani. Mfumo wa neva aliotuumbia Mungu una pande mbili. Upande mmoja hutuamsha wakati wa hatari: homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, homoni ya kotisoli inafuata, misuli inapata nguvu ya kukimbia au kupigana. Upande wa pili hutuliza: mapigo yanashuka, tumbo linarudi kusaga chakula, mtu anaweza kulala. Taabu huja pale upande wa kwanza unapokataa kunyamaza, kama mbwa aliyebweka usiku. Mwizi ameshatokomea, yeye bado anabweka hadi alfajiri na nyumba nzima haijalala.

Sasa tuone Mungu alimfanyia nini Eliya. Hakumkaripia. Hakumuuliza ule ujasiri wa Karmeli umeupeleka wapi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena! Malaika akaja mara ya pili, akamgusa, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mahubiri yote ya malaika ni hayo. Usingizi, mguso, chakula, maji, halafu usingizi tena. Neno lenyewe la Bwana linakuja baadaye, ng'ambo ya siku 40 za safari.

Mama zetu wanalijua hili kuliko sisi tunaoshika kipaza sauti. Nenda msibani siku ya kwanza. Mchungaji hajafika, lakini tayari mama mmoja amejipenyeza mkekani alipo mfiwa, kikombe cha uji mkononi, mkono wa pili unampapasa mgongo, taratibu, juu chini. "Mwanangu, kunywa hata mafunda mawili." Hana aya aliyoiandaa. Mfiwa anakunywa, anashusha pumzi ndefu, mabega yanalegea, na hapo ndipo anaweza kulia vizuri. Theolojia ya mretemu ndiyo hiyo, imekaa mkekani na kitenge kiunoni.

Hiyo pumzi ndefu nayo ina kazi yake. Kuna neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa, vagasi huupunguza. Ndiyo maana kutoa pumzi polepole hutuliza. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mdundo wa moyo ukatengemaa. Sisi Walutheri hatusali rozari, lakini hapa nawapa Wakatoliki haki yao. Tena nisifiche: mantra za yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa, nazo zilileta matokeo hayohayo. Sioni cha kuogopa. Mwili ni kazi ya mikono ya Mungu na unafuata kanuni alizouwekea. Tofauti ni nani tunayemwita tunapopumua.

Nasema haya nikijua tunavyopenda mikesha. Mkesha ni mzuri. Lakini mtu ambaye hajalala siku nne tusimwite mkeshani, tumpe chumba chenye giza na tumshikie watoto. Akiendelea wiki mbili bila usingizi, au akianza kusema kama Eliya, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu," asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tutamwombea njiani.

Jambo moja hunifurahisha katika sura hii. Soma aya ya 10, kisha aya ya 14. Kabla ya upepo, tetemeko na moto, Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake na wanamtafuta wamuue. Baada ya sauti ya utulivu anaulizwa tena, naye anatoa malalamiko yaleyale. Utulivu haukumfanya aone kila kitu ni shwari. Yezebeli bado yuko ikulu. Ila sasa amekwisha kulala na kula, anaweza kupokea kazi na kuambiwa wako wengine 7,000, na kwamba yuko Elisha, mwenzake wa kutembea naye.

Kwa wiki hii, kila jioni kabla ya maombi, tuketi na Zaburi 131:2. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne moyoni, halafu itoe ukisema polepole, "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha." Rudia kama dakika tano, simu ikiwa chumba kingine. Ukipitiwa na usingizi katikati ya zaburi, lala.