Fa iliyonyamaza

Jumapili usiku. Umeme umekatika tena, naandika kwa mwanga wa simu.

Leo katikati ya misa, noti moja ya fa kwenye kinanda chetu cha upepo ilinyamaza. Nabonyeza, nasikia pumzi tu. Soprano waliendelea kuimba, besi wakanikodolea macho, nami nikawa nairuka ile noti kama mtu anayeshuka ngazi yenye kidato kilichovunjika.

Watu walipotawanyika nikafungua mgongo wa kinanda. Kila noti ina kiulimi chake cha shaba ya njano. Upepo ukipita kinatetemeka, sauti inatoka. Kwenye ile fa nilikuta bawa la inswa. Bawa moja tu! Mvua ya juzi ilipokatika, hao kumbikumbi walifuata taa mpaka ndani ya kanisa, na asubuhi sakafu ilikuwa imefunikwa mabawa. Nikalitoa taratibu kwa unyoya wa kuku, kama nilivyofundishwa.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, sisi tulimwita Papa Mwalimu. Cheti hakuwa nacho, alikuwa na madaftari. Mwezi mzima wa kwanza hakuniruhusu kugusa noti hata moja: kazi yangu ilikuwa kukanyaga pedali za upepo tu, miguu miwili kwa zamu, mpaka pumzi ya kinanda iende bila kushtuka. Niliona ananitesa. Na siku aliponiruhusu mikono nikaenda mbio, naye akafunga kifuniko, nusura kining'ate vidole. "Weye mutoto, nani anakufukuza?"

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa bila kusikilizwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BAba, hatusemi baBA. Lakini muziki ulitungwa Ulaya kwa maneno mengine, pigo zito linaangukia mwisho wa neno, na neno zima linachechemea. Kwa Kibemba na Kiluba ni balaa zaidi, maana huko sauti ikipanda pasipotakiwa unaweza kuwa umesema jambo jingine kabisa, tena mbele ya altare.

Akifika hapo lazima amtaje Joseph Kiwele. Alizaliwa 1912 huko Mpala, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, akalelewa na muziki wa misioni, akaja kufundisha hapa Lubumbashi, enzi hizo mji ukiitwa Elisabethville. Alifanya kazi na kwaya ya wavulana ya mtawa Mbenediktini Anschaire Lamoral, ile iliyobeba jina la msalaba wa shaba. Akatunga misa ya Katanga, jimbo letu hili la kusini mwa Kongo. Maneno yalibaki ya Kilatini, kwa kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokuja kuruhusu misa kwa lugha za watu, ulikuwa bado, ila mwendo wa sauti ulitoka huku kwetu. Papa Mwalimu alikuwa akituimbia kipande huku akipiga goti kwa kiganja, na goti lile halikuwa na haraka.

Ukimtaja Kiwele leo, watu wanarukia 1960. "Si yule wa wimbo wa taifa la Katanga?" Ndiye. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alipotangaza kwamba jimbo linajitenga na Kongo, wimbo ulikuwa wake, na wizara ya elimu akapewa yeye. Siwezi kumfutia hilo, na sioni kwa nini nijaribu. Novemba 1961 akafariki, hajatimiza miaka 50. Ile nchi nayo ikamfuata Januari 1963. Lakini inaniudhi kwamba miaka yote ya kusimama mbele ya watoto na kuwasahihisha pumzi imezibwa na wimbo mmoja. Nilipomuuliza Papa Mwalimu habari za ile wizara, alikung'uta daftari lake, akasema, "Alikuwa mwalimu," kisha akanirudisha kwenye zoezi.

Mchana huu amekuja mwanafunzi mpya, binti wa miaka kumi na mmoja kutoka mtaa wa Katuba, miguu inafika kwenye pedali kwa shida. Alitaka kubonyeza mara moja. Nikamwambia miguu kwanza. Akakanyaga, akakanyaga, kinanda kikawa kinahema bila kulia.

"Papa, sasa kitaimba lini?"

Mwezi ujao, nikamjibu. Akakunja uso, akaendelea kukanyaga.