Kwa Nyoka wa Smygehuk

Aprili ile upepo wa Bahari ya Baltiki ulikuwa ukipenya hadi mifupani. Mimi na mjomba, mkazi wa Malmö wa miaka mingi, tulipanda treni hadi Trelleborg, tukaunganisha basi na kushuka Smygehuk, ncha ya kusini kabisa ya Sweden. Wengi huenda pale kupiga picha mnara wa taa. Mimi nilimfuata nyoka.

"Mpwa wangu," mjomba aliniuliza, "moma wote wale wa Handeni, huku unatafuta nini tena?"

Nikamweleza tukitembea. Nyoka huyu, Waswidi humwita huggorm, ni wa ukoo mmoja na moma: mnene kiasi, ana sumu, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Enzi barafu ilipoifunika Skandinavia hakuwepo kabisa. Ilipoyeyuka ndipo akaingia, tena kwa milango miwili. Kundi moja lilipanda kutoka kusini kupitia Denmark, jingine likazunguka mashariki kupitia Finland. Hadi leo vinasaba vyao vinaeleza nani alipita wapi, na koo hizo mbili hukutana kaskazini mwa Sweden.

Lakini waliobaki hapa Smygehuk yaliwafika mazito. Mashamba yalimeza pori lote, wakabanwa kwenye ukanda wa majani ufukweni, jirani wa karibu akiwa kilomita 20 hivi. Wakawa wanazaana ndugu kwa ndugu. Mtafiti Thomas Madsen, aliyewafuatilia tangu miaka ya 1980, aliona majike wakizaa watoto wafu na wengine wenye ulemavu, na idadi ikaporomoka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakaleta madume 20 kutoka kundi kubwa lenye vinasaba vya kila namna. Wakawaacha misimu minne ya kupandana, kisha 8 waliosalia wakarudishwa kwao. Miaka michache tu, watoto wa wageni wale walipokomaa, madume yakaongezeka kwa kasi, na mwaka 1999 habari hiyo ikatoka kwenye jarida la Nature. Kila nikiikumbuka, moyo unanisisimka. Madume 20 tu!

Tulitafuta karibu saa mbili. Nilishaanza kukata tamaa mjomba aliponishika mkono.

Kando ya jiwe, juu ya majani makavu, alikuwa amejikunja dume. Ni wazi alikuwa ametoka kujivua gamba: mwili wa kijivu ung'aao kama fedha, na mgongoni mstari mweusi wa zigizaga, mweusi hasa. Mbavu alikuwa amezitandaza, amejibana bapa kama mkanda ili jua limpate vizuri. Jicho jekundu, mboni imesimama wima kama ufa wa mlango. Nilichuchumaa mbali kidogo. Ulimi ulitoka, ukarudi. Huenda babu yake alikuwa mmojawapo wa wale 20.

"Mashallah," mjomba alinong'ona, yeye ambaye nyoka hawapendi hata kidogo.

Kivuli cha wingu kilipopita, dume lilijikunjua taratibu na kuzama kwenye majani. Kabla ya kurudi kituoni nilienda hadi maji yanapoishia, nikageuka na kuhesabu hatua kuelekea bara. Niliposema 74, kiatu changu kilikanyaga udongo uliolimwa.