Kipini, mji ulioletewa mto kwa jembe

Huu mji mi naupenda sana, na kila nikiutaja mtu ananiuliza ndo wapi huko. Ukienda Lamu kwa basi, ukifika Witu kuna njia inakata kushuka baharini, huko mwisho ndo Kipini. Ndo Mto Tana unapomwaga maji yake, kama kilomita 1,000 hivi kutoka nyanda za juu, mto mrefu kushinda yote Kenya, unakuja kuishia kwenye mikoko na michanga ya Ghuba ya Ungwana.

Sasa zamani Tana haikua inatokea hapo kabisa. Mlango wake ulikua kusini zaidi, hapa Kipini kulikua na mto mwingine, Ozi. Karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, watu wakachimba mfereji pale Belezoni kuunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi ya mpunga na pembe ipite ndani kwa ndani isihangaike na mawimbi ya nje. Mfereji wenyewe mwembamba, wa mitumbwi tu, lakini kila mafuriko yakija yanaula ukingo, yanaula, mpaka maji mengi ya Tana yakahamia huko yakaiacha njia yao ya asili. Yaani mto mzima umefuata jembe!

Na mji una mambo, usiuone umelala. Kaburi la Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi wa Waswahili wa kale, wenyeji wanalionyesha hapo hapo, na magofu ya Ungwana, mji wa kale, hayako mbali. Witu ilikua chini ya Wajerumani toka 1885, 1890 wakawaachia Waingereza, na Oktoba mwaka huo huo jeshi la Admeral Fremantle wa Uingereza likashukia Kipini kwenda kuichoma Witu. Baadaye Waingereza wakaweka makao ya wilaya ya Tana River hapo hapo, kabla hayajahamishiwa Hola.

Lakini kinachoniuma ni maji. Wapokomo wa Ozi, wakulima wa kando ya mto, walikua na akili moja nzuri sana ya kulima mpunga, bahari ikijaa inausukuma mto nyuma, yale maji matamu yanapanda yenyewe mpaka mashambani, huhitaji pampu wala nini, unajua tu bamvua ni lini, yaani zile siku bahari inajaa kupita kawaida. Hiyo inataka mto uwe na nguvu. Sasa huko juu kumejengwa mabwawa, Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, na maji mengine yanaenda kwenye mashamba makubwa ya umwagiliaji, kwa hivyo mafuriko ya kawaida yaliyokua yanaleta tope na rutuba yamepungua. Delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2012, hekta 163,600, nilifurahi, lakini orodha haileti maji. Kiangazi mto ukidhoofu bamvua inapanda vile vile kama zamani, njia ile ile, mashamba yale yale, ila inayofika shambani ni chumvi.